Nilikwenda Kuwajengea Wengine Choo

Mama mwenzangu, ukisikia kanisani kwamba kuna safari ya kujitolea ng'ambo, wiki mbili tu, tiketi imeshapatikana, usinyooshe mkono kabla hujanisikia. Sisemi usiende. Nasema kaa kwanza unisikilize. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita sikulimaliza, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Naitwa Dévote, lakini hapa Guildford, Sydney, wote wananiita Mama Gloire. Gloire ni binti yangu wa kwanza. Mwaka ule wa 2020 alikuwa na miaka kumi na sita. Mdogo wake ni Ange, mtoto wa kiume, wakati huo miaka saba. Baba yao tulimzika Nyarugusu, kambini Tanzania, kabla hatujapata ndege ya kuja Australia.

Kambini nilikuwa kwenye kikundi cha usafi. Tulikuwa tunamwaga zege kwenye kalibu, zile fremu za mbao, tunatengeneza mabamba ya kufunika mashimo ya vyoo. Nilikuwa naijua kazi ile kuliko wanaume wengi. Nilipofika Sydney hakuna aliyeniuliza habari hiyo. Hapa nilipewa ufagio na kigari cha dawa za kusafishia, nikawa naosha ofisi za Parramatta alfajiri, basi. Sasa Jumapili moja ya Januari, Bwana Colin, mzee mmoja wa lile kanisa la Kiingereza linalotuazima jengo, akasimama mbele yetu akasema kuna kikundi kinakwenda Fiji mwezi wa tatu kujenga vyoo vya shule ya kijiji, na wote ni walimu na wastaafu, hakuna anayejua zege. Nikanyoosha mkono. Watu wakacheka. Chibalonza, rafiki yangu wa Bukavu, akaninong'oneza, "Dada, Mungu amekutoa kwenye choo cha kambi, wewe unaomba kurudi chooni."

Nilicheka na mimi. Lakini ndani nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Maisha yangu yote ni watu wengine wamekuja na fulana zao kunisaidia mimi. Kwa mara ya kwanza fulana ile ningeivaa mimi.

Watoto nilimwachia Chibalonza. Yeye anakaa Penrith, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na hana mtoto. Akahamia kwangu na begi lake. Nikaondoka tarehe tisa mwezi wa tatu, nikijua nitarudi ishirini na tatu.

Habari ya kijiji nitaifupisha. Nilifanya kazi vizuri. Tulimwaga mabamba sita, wanakijiji wakawa wananiita mama, na Bwana Colin na mvi zake alikuwa ananiletea mchanga kwa toroli, mimi ndiye namwambia ongeza au acha. Wiki hizo mbili sikujuta. Halafu ndege ikafutwa. Ikafutwa na nyingine. Wakasema ni huo ugonjwa wa korona. Tukakaa mjini siku kumi kwenye nyumba ya kanisa, mpaka ikaja ndege ya kuwachukua wa Australia waliokwama. Tukatua Sydney tarehe mbili mwezi wa nne. Nikaona taa za uwanja, nikajua nimefika, kutoka pale mpaka mlangoni kwangu ni mwendo wa saa moja.

Hawakutuacha twende. Askari walitupanga mstari, wanajeshi wakabeba mabegi yetu, tukapandishwa basi, tukapelekwa hoteli mjini. Siku kumi na nne, kila mtu chumba chake, mlango usifunguliwe ila kuchukua chakula. Ilikuwa sheria mpya, haikuwa na wiki moja.

Ndani ya basi walitupa fomu. Hapa sasa ndipo pa kunisikiliza.

Fomu iliuliza kama una watoto na wako na nani. Mimi nimeishi kambini miaka kumi na moja. Kule, siku ya kuhesabiwa, mtu mwenye karatasi akija mlangoni unajibu jambo moja tu: wote wapo, wote wazima. Mdogo wangu wa tumbo moja alijibu ukweli. Alisema mwanawe wa pili ameenda kwa bibi yake, atarudi kesho. Wakamkata yule mtoto kwenye kadi ya familia, faili lao la kuhamia ng'ambo likavurugika, na mpaka leo mdogo wangu yuko Nyarugusu, mimi niko huku. Kwa hiyo watoto wangu niliwalea hivyo hivyo. Mwenye karatasi akikuuliza, wote wapo, wote wazima. Hata hapa Sydney, mwalimu akiuliza, daktari akiuliza, ni hivyo hivyo. Nikaandika: watoto wawili, wako na shangazi yao mtu mzima. Shangazi ndiye Chibalonza, na siku hiyo ilikuwa kweli.

Chumba kilikuwa kizuri. Sitaki mtu aseme nilifungwa gerezani. Kitanda kikubwa, televisheni, zulia. Ila dirisha lilikuwa halifunguki. Kioo kizima, na ng'ambo ya barabara jengo la ofisi lenye meza na viti na hakuna mtu hata mmoja. Chakula kilikuja kwenye mfuko wa karatasi. Wanagonga, ukifungua hakuna mtu, mfuko uko chini. Nilipima kwa miguu, kutoka mlangoni mpaka kwenye kioo hatua kumi na moja. Nilizitembea mpaka zulia likaanza kunichoma nyayo.

Siku ya pili Chibalonza akapiga simu. Sauti yake haikuwa yake. Mzee mmoja kule kazini kwake amekutwa na ugonjwa, na yeye ndiye alikuwa anamwogesha. Wamemwambia ajitenge siku kumi na nne. Alisema hawezi kujitenga kwangu, vyumba viwili, choo kimoja, atawaua watoto. Ameshafunga begi, yuko stesheni anasubiri treni ya Penrith, amekaa mwisho kabisa wa behewa, hagusi kitu. Alikuwa analia. Sikumlaumu, na leo simlaumu.

Sasa watoto wako peke yao.

Nesi wa hoteli alikuwa anapiga simu kila asubuhi. Una homa? Unakohoa? Halafu swali la tatu, kila siku: kuna mtu nyumbani anayekutegemea, kuna jambo tunaweza kukusaidia? Sauti ya upole kabisa. Na mimi kila asubuhi nilijibu, hapana, wote wazima. Mimi nilisikia mtu mwenye karatasi. Ndicho nilichosikia tu. Hata Bwana Colin, aliyekuwa chumba cha juu yangu, sikumwambia. Nilijua atapiga simu kwa watu, na watu watapiga kwa watu.

Maana sisi hapa wote tunajua habari za watu wa watoto. Ile idara ya serikali inayolinda watoto. Kila kanisa la Waafrika lina hadithi yake ya mtoto aliyechukuliwa. Nyingine za kweli, nyingine zimeongezwa chumvi, lakini ukizisikia miaka mitano mfululizo huwezi kuzitenganisha.

Nikamwambia Gloire: usifungue mlango kwa mtu. Mwalimu wa Ange akipiga kuuliza mbona hayupo kwenye masomo ya kompyuta, sema mama yuko kazini. Gloire akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hii si sawa, kwamba mtu anaweza kuja kutusaidia. Nikamwambia anyamaze, yeye hakuiona kambi kwa macho ya mtu mzima. Akatii. Binti yangu alipika, alifua, alimsomesha mdogo wake, na jioni alikuwa ananionyesha kwenye simu kwamba mlango umefungwa kwa funguo mbili.

Siku ya tano Ange akaanza kukohoa. Siku ya sita akaamka na homa.

Mama, wewe ungefanya nini? Televisheni inaonyesha watu wanakufa Italia. Kwenye kundi letu la WhatsApp la kanisa, tangu asubuhi ni ujumbe mmoja unazunguka: jifukizeni. Majani ya mkaratusi, tangawizi, limau, vitunguu, chemsha, jifunike blanketi, vuta mvuke. Na huku Sydney mkaratusi uko kila barabara. Mimi mwenyewe mama yangu alinifukiza hivyo, na mama yake alimfukiza yeye. Sikuona ubaya wowote. Nilimwambia Gloire atoke mara moja achume majani kwenye mti wa kona, ajaze sufuria ile kubwa ya ugali.

Ilikuwa saa nane mchana. Gloire akaegemeza simu kwenye kabati la vyombo ili nione. Aliweka sufuria juu ya kigoda, akamkalisha Ange kwenye kiti mbele yake, akawafunika wote wawili, mtoto na sufuria, kwa blanketi la kahawia. Niliona blanketi tu. Chini yake Ange akasema ni moto. Nikamwambia vumilia baba, hesabu mpaka ishirini utoke. Akaanza kuhesabu kwa Kiingereza. Gloire akacheka kidogo kwa jinsi sauti yake ilivyotoka. Alifika kumi na moja.

Sijui alijaribu kusimama, sijui alikohoa. Blanketi lilienda upande mmoja, sufuria ikalala, na Gloire aliporuka simu ikaanguka. Baada ya hapo niliona dari la jikoni kwangu. Dari na taa. Vingine vyote nilivisikia.

Nilipiga kelele wamwagie maji, maji baridi ya bomba, wasipake dawa ya meno, wasipake kitu, maji tu. Nikasikia bafu linafunguliwa. Nikasikia mtoto wangu. Niligonga kioo cha lile dirisha kwa ngumi zote mbili, na ng'ambo kule meza na viti vilikuwa vilevile.

Gloire akaokota simu. Uso wake ulikuwa umelowa. Akaniuliza kwa Kiswahili.

"Mama, niite ambulensi?"

Nikautazama mlango wa chumba.

"Mama. Paja lote. Ngozi inatoka. Niite?"

Nikasema, "Subiri kwanza."

Hilo ndilo neno nililolisema. Sikulisema kwa sababu sikumpenda mwanangu. Nilisema kwa sababu nilimwona mtu na karatasi mlangoni kwangu, nikamwona Ange anaingizwa kwenye gari. Nikawaza labda si paja lote. Labda Chibalonza anaweza kuja. Gloire alisubiri, kwa kuwa nilimfundisha kusubiri. Zilipita kama dakika kumi. Halafu nikasema piga, lakini useme mama yuko kazini.

Nikafungua mlango wa chumba. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti mwisho wa korido, akasimama akanyoosha mkono, nirudi ndani. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, mtoto wangu ameungua, niruhusu niende, nitarudi, nifunge kamba uende na mimi. Alikuwa mtu wa makamo, naye nilimwona anahangaika. Akasema hawezi, ataita nesi. Nikarudi ndani. Mlango ule unajifunga wenyewe.

Nesi akapiga. Akaniuliza, si umeandika watoto wako na shangazi mtu mzima, yuko wapi? Hata hapo, mama mwenzangu, hata hapo mtoto akiwa kwenye ambulensi, nikasema shangazi ametoka kidogo kwenda dukani.

Kwa hiyo kufika jioni zilikuwa habari tatu. Gloire aliwaambia watu wa ambulensi mama yuko kazini. Wakauliza kazi gani, akataja ofisi, wakapiga, ofisi imefungwa tangu mwezi wa tatu. Mimi nilisema shangazi yuko dukani. Na Chibalonza, alipopigiwa, alisema ukweli, kwamba yuko Penrith chumbani kwake siku ya tano. Hospitali ya watoto haikuwa na la kufanya ila kuita ile idara. Ange alilazwa. Sheria ya wakati ule ilikuwa mzazi mmoja tu aruhusiwe kuingia, na Gloire si mzazi, kwa hiyo mwanangu alilala peke yake na manesi waliofunika nyuso. Walimpima ule ugonjwa. Hakuwa nao. Ilikuwa mafua.

Mama mmoja wa idara, Leanne, alinipigia siku ya pili yake. Hakunigombeza. Alisema Ange akitoka hospitali, yeye na dada yake watakaa na familia moja Campbelltown mpaka mambo yaeleweke. Nikamuuliza kwani nimefanya kosa gani, si nyinyi mlionifungia huku? Akanijibu polepole ili nielewe. Alisema kukwama hotelini si kosa, wazazi wengi wamekwama. Wangenitafutia mtu wa kanisa, au wa shule, akae na watoto nyumbani kwangu siku hizo zote. Wamefanya hivyo kwa wengine, kwenye hoteli hiyo hiyo. Kinachomsumbua ni kwamba nilijua, na nikawafundisha watoto kuficha.

Nilikaa chini kwenye zulia. Siku kumi na nne zilipoisha walinipa barua kwamba mimi ni mzima, wakaniruhusu niende.

Nyumba ilikuwa tupu. Nikaosha sakafu, nikatupa majani. Nikadhani nimetoka kifungoni. Kumbe pale hotelini nilikuwa na tarehe ya kutoka.

Mahojiano yalipangwa kwa simu wiki ya baadaye. Chibalonza, aliyekuwa amemaliza siku zake, alinipigia akiwa na mpango. Alisema yeye ndiye aliyeondoka, kwa hiyo lawama aibebe yeye. "Dada, nitawaambia nilikuwa nakuja kila siku kuwaangalia dirishani. Wewe ulijua nakuja. Na siku ile nilichelewa tu. Nani atabisha?"

Nikamuuliza, na kazi yako, wakijua ulitoka ukiwa umetengwa? Akasema kazi zipo, watoto hawauzwi madukani. Nilimpenda sana siku hiyo. Na ule mpango niliukubali. Tulirudia mara mbili nani atasema nini.

Siku moja kabla ya mahojiano nikaruhusiwa kuongea na watoto kwa video. Ange alinionyesha bandeji, akanionyesha mbwa wa nyumba ile, akaenda. Gloire akabaki. Nikaanza kumweleza, kwa Kiswahili ili wenyeji wasisikie, kwamba akiulizwa aseme shangazi Chibalonza alikuwa anakuja dirishani.

Binti yangu kwa kawaida ananijibu Kiingereza. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, neno moja moja, kama anayevuka mto juu ya mawe.

"Mama, wameniuliza mara tatu. Nimeshawaambia ukweli. Hata ile subiri kwanza, nimewaambia. Ukisema vingine kesho, wataamini mtu mzima. Mimi ndiye nitakuwa mwongo, na mimi ndiye nilikuwa na yeye bafuni."

Akasema amechoka, akakata.

Kesho yake mkalimani alikuwa kijana wa Mombasa, Kiswahili chake safi, kila sentensi ananiita mama. Leanne akauliza nani alikuwa na watoto kati ya tarehe tatu na tarehe saba. Chibalonza alikuwa amekaa pembeni yangu, yuko tayari na yeye aitwe. Nikasema hakuna. Walikuwa peke yao na mimi nilijua. Chibalonza akanishika mkono kunizuia. Nikaendelea. Nikasema fomu, nikasema nesi na swali lake la kila asubuhi, nikasema mvuke, na mwisho nikasema zile dakika kumi. Mkalimani akaitafsiri na ile sehemu.

Nikamuuliza mkalimani Leanne anasema nini. Akasema, "Anaandika, mama."

Usidhani nilisema ukweli wakanirudishia watoto siku hiyo. Gloire alirudi baada ya wiki tatu. Ange alikaa kule mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Nilikwenda mafunzo kwa kompyuta, walikuja kukagua jiko langu, waliuliza maswali ambayo mengine yaliniuma mno, na kila moja nililijibu kama lilivyo, hata lile ambalo jibu lake lilinifanya nionekane mjinga. Leanne aliniambia baadaye kwamba kama habari yangu na ya Gloire zingetofautiana, Ange asingerudi mwaka ule. Aliporudi alikuwa hasemi tena Kiswahili. Anaelewa. Ila nikimwita anamtazama dada yake kwanza.

Ndiyo sababu naandika. Ukitaka kwenda kujitolea nenda, kazi ile ni nzuri na wanaosaidiwa ni watu kama sisi tulivyokuwa. Lakini kabla ya kwenda, mwambie mwalimu wa mtoto jina la atakayebaki naye, na jina la wa pili kama wa kwanza akiondoka, na uwaambie watoto mbele yake kwamba wanaruhusiwa kusema. Mvuke usimfukize mtoto, hata mama yako akuambie. Na ukifungiwa mahali mtu akakuuliza kama kuna anayekutegemea, mjibu. Huenda anauliza kwa sababu anataka kujua.

Mwaka huu wa 2022 mipaka imefunguliwa. Bwana Colin alinipigia, wanarudi kile kijiji kuongeza vyoo vinne vya wasichana. Akasema mabamba yangu hayajapata ufa hata mmoja. Nikamwambia anipe siku moja. Jioni nikawauliza watoto mezani. Gloire akasema niende, yeye sasa ni mtu mzima, Chibalonza yupo, mwalimu yupo, kila kitu kitaandikwa. Ange aliweka kijiko chini, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Nilimpigia Bwana Colin nikamwambia atafute mtu mwingine. Akasema anaelewa. Nikamwelekeza kwa simu: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto, na maji asizidishe, zege likiwa la uji halitabeba mtu. Akaniomba nirudie polepole, anaandika. Nikarudia, na sikio langu lilikuwa kwenye ule mlango.